Kabla ya kununua mashine inayoendeshwa na mtu, mpimeni mtu kwanza

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi, wawakilishi wa wadi, Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), Taasisi ya Utafiti na Maendeleo ya Viwanda (KIRDI), na maafisa wa ununuzi wa kaunti na wizara zinazohusika.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kuhusu mashine zinazoendeshwa kwa miguu na mikono ya watu: mikokoteni, pampu za kukanyaga, mashine za kunolea visu, za kupukuchulia mahindi, chaja za dinamo, baiskeli za mikono za watu wenye ulemavu. Mapendekezo ya kununua au kufadhili vifaa vya aina hii huja mezani kila mara. Vingine ni vizuri sana na vinastahili kila shilingi. Vingine vimechorwa na watu ambao hawakujiuliza huyo atakayekanyaga ana nguvu kiasi gani, na huishia kutu nyuma ya ofisi ya chifu. Ombi letu ni kwamba kifaa chochote cha namna hii kisilipiwe kwa fedha za umma kabla mwenye kukiendesha hajahesabiwa jinsi injini inavyohesabiwa: ana wati ngapi, kwa muda gani, kwa mizunguko mingapi kwa dakika.

Hesabu hiyo inajulikana. Mtu mzima mwenye afya, aliyeshiba, akikaa vizuri kwenye siti na kupiga pedali kwa mwendo anaoumudu kwa saa kadhaa, hutoa wati 75 hivi. Mwendesha baiskeli wa mashindano anaweza kutoa wati 300 kwa saa nzima, lakini soko la Wakulima haliendeshwi na wanariadha. Mikono peke yake hutoa pungufu sana, kati ya wati 25 na 40, na huchoka mapema. Nguvu ya farasi mmoja ni wati 746, kwa hiyo inahitaji watu kumi wanaopiga pedali kwa pamoja.

Wati 75 kwa saa 8 ni wati-saa 600, yaani chini ya yuniti moja ya stima. Siku nzima ya jasho la mtu, ukiigeuza kuwa umeme, haifikishi yuniti moja ambayo tokeni yake ni shilingi chache. Na mtu huyo hatumii hewa. Misuli hugeuza takriban robo tu ya chakula kuwa kazi, kwa hiyo kila saa ya wati 75 hudai karibu kilokalori 270 za ziada. Kwa saa 6 ni gramu 450 hivi za unga wa mahindi, karibu robo ya pakiti ya kilo 2, juu ya chakula chake cha kawaida. Mbunifu anayeandika kwamba mashine yake ‘haina gharama ya mafuta’ amesahau nani ananunua huo unga.

Kwa sababu hiyo jambo la kwanza la kuuliza mezani ni kama kazi yenyewe inafaa kufanywa na mtu. Kupandisha maji kunafaa. Ukichukua wati 75 na pampu inayofikisha asilimia 60 ya nguvu hiyo kwenye maji, unapandisha lita 27 kwa dakika hadi urefu wa mita 10. Mtungi wa lita 20 unajaa kwa sekunde 44. Kupukuchua mahindi kunafaa, kupepeta kunafaa, kunoa kunafaa, kushona kunafaa. Cherehani ya kukanyaga imelisha familia nyingi mno jijini humu hata haihitaji kutetewa. Kusaga unga hakufai. Posho mill ya mtaani hutumia mota ya kilowati 7.5 au zaidi, mara mia ya mguu wa mtu, na anayewaletea kinu cha pedali kwa ajili ya mtaa mzima anawaletea foleni ya siku nzima. Kupasha joto ndiko kubaya kabisa. Kuchemsha lita moja ya maji hapa Nairobi, ambako huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, huhitaji kilojouli 310 (wati moja ni jouli moja kwa sekunde). Kwa wati 75 bila kupoteza chochote njiani ni dakika 69 za kupiga pedali. Ukipitia jenereta na koili, ni zaidi ya saa mbili. Kwa chai ya watu wanne.

Hesabu hii hii ndiyo jibu la vigae vya sakafu vinavyodaiwa kuwasha taa kwa nyayo za wapita njia. Mtu wa kilo 70 akikanyaga kigae kinachoshuka milimita 5, kazi yote iliyopo hapo ni jouli 3.4. Tuseme kwa ukarimu nusu yake inakuwa umeme. Taa ya wati 10 kwa saa moja inataka jouli 36,000, yaani hatua 21,000. Na hata hizo jouli hazikutoka hewani: mama aliyebeba mzigo kichwani amezitoa kwenye magoti yake, kwa sababu amefanywa atembee kama aliye kwenye mchanga. Paneli ndogo ya jua juu ya nguzo ingefanya kazi hiyo bila kumgusa mtu.

Bara letu lina somo kubwa juu ya jambo hili. Pampu iitwayo PlayPump ilitoka Afrika Kusini: bembea ya kuzunguka ya watoto, chini yake pampu ya kisima. Mwaka 2006 huko Marekani ilitangazwa ahadi ya dola milioni 16.4, lengo likiwa pampu 4,000 kufikia mwaka 2010. Watengenezaji walisema inatoa lita 1,400 kwa saa kutoka mita 40. Lengo lilikuwa kuwapa watu 2,500 lita 15 kila mmoja kwa siku, yaani lita 37,500. Gawanya: ni karibu saa 27 za kucheza kila siku, hesabu ambayo gazeti la Guardian la Uingereza liliichapisha mwaka 2009. Tunaongeza hesabu ya pili. Kupandisha lita 1,400 kwa saa mita 40 ni wati 152 kwenye maji peke yake, kabla ya msuguano wowote. Hao ni watu wazima wawili wasiopumzika, na waliotegemewa ni watoto. Tena bembea hupendeza kwa sababu ukiisukuma inaendelea kuzunguka yenyewe. Ukifunga pampu chini yake, pampu inakula ule mzunguko na mchezo unakwisha. Kilichobaki ni akina mama kusukuma chuma kwa kuinama, kwenye urefu uliopimwa kwa mtoto.

Linganisheni na Afridev, iliyosanifiwa miaka ya 1980 kwa kazi iliyofanyika Malawi na hapa kwetu Kwale. Ina mpini mrefu wa kushindilia ambao mtu hutumia uzito wa mwili. Wasanifu wake walianza na swali la nani ataitengeneza ikiharibika, kwa hiyo inafunguliwa kwa spana moja, bushi zake ni za plastiki za kuchomeka, na pistoni huvutwa juu bila kung’oa bomba lote kisimani. Michoro yake iko wazi kwa kila kiwanda. Au tazameni pampu za kukanyaga zilizosambazwa kutoka Nairobi na ApproTEC, shirika lililoanzishwa mwaka 1991 na Martin Fisher na Nick Moon na ambalo leo linaitwa KickStart. Mkulima mwenye kilo 60 akishuka sentimita 15 kwa kila hatua, uzito wake unafanya kazi ya jouli 88. Hatua moja kwa sekunde ni wati 88, na mikono haijachoka. Jambo moja la Nairobi lizingatiwe hapa. Pampu ya kunyonya husukumiwa maji na hewa ya nje, na hewa ya hapa juu, mita 1,795, ni nyepesi. Kule Mombasa kikomo cha nadharia ni mita 10.3, hapa ni kama mita 8.3, na kwa pampu halisi yenye vali zilizoanza kuchakaa msipange zaidi ya mita 6. Mzabuni anayenakili kipimo cha mita 7 kutoka kijitabu cha pwani atawauzia pampu inayovuta hewa.

Sasa tuje kwenye mashine zenyewe. Wanoa visu wa mitaani wanaotumia baiskeli wanaonyesha vizuri kinachofaa. Miguu inapenda mizunguko 60 hadi 80 kwa dakika; jiwe la kunoa linahitaji zaidi ya elfu moja. Baiskeli nzito ya Black Mamba yenye, kwa mfano, meno 44 mbele na 18 nyuma hufanya pedali za mizunguko 60 ziwe mizunguko 147 kwenye gurudumu. Mkanda ukitoka kwenye rimu ya milimita 635 kwenda kwenye puli ya milimita 60, jiwe linapata mizunguko 1,550 kwa dakika, na kama lina kipenyo cha milimita 150, ukingo wake unakwenda mita 12 kwa sekunde. Hapo ni salama kwa jiwe, panatosha kwa kisu, na joto ni dogo, hivyo ncha haibadiliki kuwa ya bluu na kupoteza ugumu. Kinachosumbua ni mkanda wa tyubu iliyokatwa, unaoteleza ukilowa maji ya kunolea, na jiwe lisilo duara kamili linalotikisa fremu mpaka nati zinalegea. Kinga ya bati yenye kinyunyizio upande wa pili wa mkanda, na puli yenye kingo za juu, zinamaliza mengi ya hayo.

Pedali hazitoi nguvu sawasawa. Mikono yake ikisimama wima juu na chini, nguvu karibu inakufa. Hapo ndipo gurudumu zito linahitajika, na hapo ndipo wabunifu wengi hukosea kwa kulifunga kwenye shafti ya pedali. Rimu ya inchi 26 ya chuma ikizungushiwa mita 7 za nondo ya milimita 12 inapata kilo 6 hivi pembeni, kwa sababu nondo hiyo ina gramu 890 kwa mita. Kwa mizunguko 60 kwa dakika inahifadhi jouli 9 tu, ambazo huisha kabla hujazihisi. Kwa mizunguko 300 inahifadhi jouli 230, za kutosha sekunde 3 za kazi kamili, kwa maana nguvu iliyohifadhiwa hupanda kwa mraba wa mwendo. Kwa hiyo gurudumu zito likae kwenye shafti ya kasi. Nondo ichomelewe kwa nukta zinazotazamana ili isielemee upande mmoja, na rimu ya aluminiamu isiguswe, itapasuka. Kati ya gurudumu hilo na pedali lazima pawe na gia ya nyuma ya baiskeli inayoshika upande mmoja na kuteleza upande wa pili. Bila hiyo, mtu akiacha kukanyaga, pedali zinaendelea na kumvunja kifundo. Tumeona michoro ya zabuni isiyo na kipande hicho, na tunaomba mchoro wa namna hiyo urudishwe siku hiyo hiyo.

Mambo mengine ni madogo lakini ndiyo yanayoua mashine. Siti ipande na kushuka angalau sentimita 20, ili goti libaki limekunjwa kidogo tu pedali ikiwa chini. Siti fupi huumiza goti ndani ya wiki. Fremu iwe ya kupitishia mguu chini, kwa sababu mwenye sketi au leso hatapanda ile yenye bomba la juu. Mnyororo mpya una milimita 304.8 kwa pingili 24. Ukifika 308 utoke, la sivyo unakula meno ya gia na gharama inakuwa mara tatu. Ukiwa msafi na wenye mafuta unapitisha zaidi ya asilimia 95 ya nguvu, ukiwa na vumbi la mahindi na kutu unaweza kuchukua sehemu kubwa ya wati 75 zenu. Pini za mikono ya pedali hulegea kwenye mashine zilizosimama sehemu moja, zikazwe baada ya saa 10 za kwanza za kazi. Na kila kinachozunguka kifunikwe, hasa mnyororo, maana watoto watakuja.

Juu ya umeme wa pedali tutasema kidogo. Ukipitisha nguvu ya mguu kwenye jenereta, kisha betri, kisha mota, kinachofika mwisho ni kama asilimia 40. Ukipitisha kwa mnyororo moja kwa moja ni asilimia 90. Umeme wa miguu unafaa kwa taa, redio na simu basi, na hasa pale mtu anapoendesha baiskeli hata hivyo. Mwaka 2009 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Pascal Katana na Jeremiah Murimi, walionyesha chaja ya simu ya dinamo ya baiskeli kwa mantiki hiyo. Dinamo ya kawaida ni volti 6 na wati 3. Betri ya simu ya mAh 4,000 ina wati-saa 15 hivi, kwa hiyo baada ya hasara za njiani ni saa 7 au zaidi barabarani. Vinavyohitajika ni diodi nne aina ya Schottky za kuelekeza mkondo upande mmoja, kapasita ya mikrofaradi 1,000 ya kuutuliza na kishusha volti hadi 5, vyote vinapatikana Luthuli Avenue. Kinachoharibika ni kimoja: simu ikijaa na baiskeli ikiteremka kwa kasi, volti za dinamo isiyo na mzigo hupanda mpaka makumi na kuunguza kishusha volti. Kapasita ya volti 16 italipuka. Wekeni ya 50 na diodi ya zena ya kuzuia volti zisipite kiwango.

Tulichokusudia hasa kukisema kinahusu mkokoteni. Ndio mashine ya nguvu za binadamu inayofanya kazi kubwa kuliko zote Nairobi, kutoka Gikomba hadi Muthurwa, kutoka Wakulima hadi vichochoro vya Mathare ambako ndio unaoleta maji na kuondoa taka. Wala hakuna ofisi inayoupa mchoro, kiwango wala breki. Chukueni mkokoteni wa maji wenye mitungi 20: kilo 400 za maji na kilo 100 za mkokoteni. Kwenye lami nzuri, matairi yakiwa na upepo kamili, magurudumu hupinga kwa asilimia 1.5 hivi ya uzito, yaani kilo 7.5. Kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde ni wati 74. Ni injini yote ya mtu mmoja, haina akiba. Upepo ukipungua nusu, upinzani unaweza kufika asilimia 3 na kazi ikawa mara mbili. Njia ikipanda mita 3 kwa kila mita 100, zinaongezeka wati 147 juu ya zile 74. Hapo ndipo mnamwona kijana wa pili na wa tatu wakisukuma nyuma, na hapo ndipo magari nyuma yao yanapiga honi, kama kwamba uvivu ndio umewapunguza mwendo.

Kuna marekebisho manne ambayo fundi yeyote wa Kamukunji anaweza kuyafanya kwa vifaa alivyonavyo.

La kwanza ni mahali pa ekseli. Mzigo wa kilo 500 ukiwa sentimita 20 mbele ya ekseli, na mikono ya mkokoteni ikiwa mita 2 kutoka hapo, mvutaji anabeba kilo 50 mikononi muda wote anaovuta. Ukiwa sentimita 4 mbele, anabeba kilo 10, ambazo zinatosha kuutuliza usiinuke. Shida ni kwamba leo kabeba maji, kesho viazi, kesho kutwa mabati, na kitovu cha mzigo kinahama huku ekseli imechomelewa. Ifungwe kwa yubolti (bolti za umbo la U) kwenye vyuma viwili vyenye matundu kila baada ya sentimita 5. Kuihamisha kabla ya kupakia ni kazi ya dakika chache na spana ya namba 17 au 19.

La pili ni breki, na hili ni la uhai. Breki ya mkokoteni wa kawaida ni kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa misumari chini ya mkia. Mvutaji akitaka kusimama huinua mikono ya mkokoteni juu, mkia ukashuka, mpira ukakwaruza lami. Kwenye mteremko wa mita 6 kwa 100, mkokoteni huo wa kilo 500 unamsukuma mgongoni kwa nguvu ya kilo 22 bila kukoma. Lami ikiwa na maji, mpira hauumi. Na kama mzigo umeelemea mbele, hawezi kuinua mikono kabisa, yaani hana breki hata ile moja. Ajabu ni kwamba ekseli nyingi za nyuma za magari madogo hufika Kirinyaga Road zikiwa na ngoma zake za breki, pedi zake na waya wa hendibreki. Hung’olewa na kuuzwa kando. Ziachwe. Waya urefushwe hadi kwenye mkono wa mkokoteni, uishie kwenye hendibreki ile ile ya gari yenye meno ya kushikilia, ili mkokoteni usimame wenyewe mvutaji akipakua. Waya uwe na mpira wake wa nje, la sivyo tope litaukwamisha mwezi wa kwanza wa mvua.

La tatu ni ekseli nyepesi. Zile zenye difu, yaani gia za katikati ya ekseli, zinaongeza makumi ya kilo za chuma na gia zinazozungushwa bure. Ekseli ya gari linalovutwa na magurudumu ya mbele haina difu. Beringi zikazwe mpaka gurudumu lianze kugoma, kisha nati irudishwe kidogo mpaka lizunguke huru bila kucheza, na grisi ibadilishwe kila baada ya miezi mitatu. La nne ni upepo wa tairi, PSI 30 hadi 35, na hili linahitaji kipimo kimoja tu na pampu moja ya mguu kwenye lango la kila soko. Hatujui matumizi mengine ya pesa kidogo namna hiyo yatakayowapunguzia watu wengi kiasi hicho mzigo wa kila siku.

Barabara nayo ni sehemu ya mashine. Sera ya jiji ya usafiri usio wa injini ya mwaka 2015 iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa wanaotembea na wanaotumia baiskeli. Tunaomba sera hiyo isomwe pamoja na hesabu ya ukingo. Gurudumu gumu lenye nusu kipenyo cha sentimita 30, likikutana na ukingo wa sentimita 2 likiwa limesimama, linahitaji kusukumwa kwa asilimia 38 ya uzito ulio juu yake. Kwa ukingo wa sentimita 15 inahitajika nguvu kubwa kuliko uzito wenyewe. Tairi la upepo hupunguza kidogo, lakini magurudumu madogo ya mbele ya kiti cha magurudumu hupata adhabu kubwa zaidi. Kwenye njia ya mteremko wa 1 kwa 12 inatosha asilimia 8.3 na upinzani wa kawaida. Mkandarasi anayeacha mdomo wa sentimita 2 mwishoni mwa njia hiyo, na ni wengi, amefunga mlango kwa mtu anayeendesha baiskeli ya mikono kwa wati 30. APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya, hutengeneza baiskeli na viti hivyo hapa hapa jijini. Mkandarasi alazimike kuazima kimoja na kupita nacho kabla ya kulipwa malipo ya mwisho.

Tunachoomba kiingie kwenye masharti ya zabuni ni hiki. Mzabuni aandike wati zinazohitajika kwenye pedali au mpini, na mizunguko kwa dakika. Zikizidi 75 kwa miguu au 30 kwa mikono, kwa kazi ya zaidi ya nusu saa, kifaa kirudishwe. Aandike majina ya vipuri vinavyochakaa na kuonyesha vinapouzwa Nairobi. Kipuri cha kuagizwa ng’ambo kikatazwe isipokuwa mwenye zabuni aweke akiba ya miaka mitatu. Michoro iachwe kwa mnunuzi. Na upimaji ufanywe na watu kumi, nusu yao wanawake, wakiwemo wenye kilo 50, kwa dakika 30 kila mmoja. Anayeendesha awe anaweza kutamka sentensi nzima bila kukatika pumzi. Akishindwa, mashine ndiyo imeshindwa. Maonyesho ya dakika mbili yanayofanywa na kijana wa muuzaji msiyakubali, kwa dakika mbili kijana mwenye nguvu hutoa wati 300 na kila kitu kinaonekana kinafanya kazi.

Chombo cha kupimia wati kwenye kichwa cha shafti si cha maabara kubwa. Ni ngoma ya chuma ya kipenyo cha sentimita 40, kamba ya katani iliyozungushwa juu yake, na mizani mbili za springi, moja kila upande wa kamba. Mashine ikizunguka, soma tofauti ya kilo kati ya mizani hizo, zidisha kwa 9.81, kwa nusu kipenyo kwa mita, kwa mizunguko ya dakika, kisha kwa 0.105. Tofauti ya kilo 5, kwa mizunguko 73, inatoa wati 75. Kamba isiwe ya nailoni, itayeyuka. Ngoma imwagiwe maji ndani kwa sababu jasho lote la anayepimwa linaishia hapo kama joto. Kimoja kikae KIRDI, kimoja kwenye mabanda ya Kamukunji ambako fundi atakitumia bila kujaza fomu.

Kwa mwanzo, tunapendekeza mikokoteni 20 ya soko la Wakulima na 20 ya wauza maji wa Mathare ibadilishwe ekseli na kufungwa breki kama tulivyoeleza, wavutaji wenyewe wakiichagua na kulipwa siku wanazopoteza karakana. Ipimwe upepo, upinzani na mwendo kabla ya kubadilishwa, kisha tena baada ya miezi 6 yenye msimu mmoja wa mvua. Vipimo vibandikwe kwenye lango la soko kwa Kiswahili. Michoro yenye vipimo tuko tayari kuikabidhi na kusimama na mafundi wakati wa kuchomelea. Tunaomba mtutajie kwa maandishi ofisi itakayoipokea na fungu la bajeti litakalolipia vyuma.

Ni sisi,
mafundi na wabunifu wa mashine zinazoendeshwa kwa miguu na mikono, Nairobi